Nimerudi shuleni kuongelea masomo ya nje, binti mmoja ameniuliza swali nimeshindwa kulijibu

Mtoto wa Mvumi

Wadau, habari za jioni.

Wiki iliyopita mkuu wa shule niliyosoma kidato cha tano na sita, hapa hapa Dodoma, aliniita nikaongee na wanafunzi wa kidato cha sita kuhusu kusoma nje. Mimi niliondoka 2018 kwa ufadhili wa serikali ya Uturuki, nikasomea uhandisi wa chakula İzmir. Baba analima zabibu Mvumi, na kule İzmir na Manisa ni nchi ya zabibu kavu, kwa hiyo nilibeba picha za kutosha: mashamba, viwanda vya kukaushia, darasa la Kituruki nilikokaa mwaka mzima kabla ya kuanza masomo yenyewe.

Picha hawakuzitaka. Walitaka kujua mtoto wa mkulima alitoa wapi Sh 150,000 ya pasipoti. Nikawaambia ukweli: baba aliuza mbuzi, na mwalimu wangu wa Kemia akanipa nauli ya basi kwenda Dar kwenye usaili. Bwalo zima kimya. Baada ya hapo maswali hayakukatika mpaka kengele ya chakula.

Kilichonileta hapa ni binti aliyenisubiri nje. Anasoma CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia), walimu wanamsifu. Lakini alianza darasa la kwanza akiwa na miaka tisa kwa sababu alikuwa anachunga, sasa ana 22. Na mimi dakika chache kabla nilikuwa nimewatajia kwamba Uturuki, kwa shahada ya kwanza, wanataka uwe chini ya miaka 21. Akaniuliza, "Dada, kwa hiyo mimi ndiyo basi?"

Juu ya hilo, cheti chake cha kuzaliwa kina jina la babu, cha kidato cha nne kina jina la mjomba aliyemwandikisha shule.

Nimemwahidi nitarudi Jumamosi na jibu. Sitaki kumdanganya, wala sitaki kumwambia "usijali" nikaondoka zangu. Mnaojua njia, nisaidieni. Nawasilisha.

Mwalimu Mstaafu Kongwa

Binti yangu, umefanya vyema kurudi.

Nianze na majina, maana ndiyo yanayoangusha watoto wengi. Cheti cha mtihani asikiguse. Vingine vyote ndivyo vikifuate. Aende kwa wakili aandaliwe hati ya kubadili jina, isajiliwe kwa Msajili wa Hati, na kama hajaomba namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, asubiri hati hiyo itoke kwanza. Nimeona mtoto mzuri kabisa amekwama kwa herufi moja, huku Asha, kule Aisha.

Kisasa_Block

Mwambie bado. Ufadhili wa serikali ya China kwa shahada ya kwanza ni chini ya miaka 25, mimi nimepita huko. Wengi wanaanza na mwaka wa lugha. Pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kuna Taasisi ya Confucius, akimaliza mtihani Mei aanze Kichina badala ya kukaa nyumbani kusubiri matokeo.

Chuo atakachochagua lazima kiwe kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na kabla ya kuondoka achukue kwao cheti cha kutokuwa na pingamizi. Ukirudi na shahada wasiyoitambua, hapo ndipo utajua.

Baba wa Watatu

Naomba umwambie asimpe mtu hela. Mimi nilimlipa wakala laki nane anitafutie mwanangu "nafasi" ya Uturuki, kumbe fomu ni bure na unaijaza mwenyewe mtandaoni. Mpaka leo ile hela inaniuma, ilikuwa ya mabati.

Mama Hombolo

Mimi nina mawazo tofauti kidogo. Kwa nini shahada ya kwanza iwe nje? Aombe Bodi ya Mikopo asome hapa, UDOM au Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA), kisha shahada ya pili atoke. Uturuki hao hao, kwa shahada ya pili, wanapokea walio chini ya 30. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza hauna kikomo cha umri, wanataka uwe umefanya kazi miaka miwili.

Mtoto wa Mvumi

Asanteni sana, ndugu zangu. Mama Hombolo, hilo lako nilimsomea mara mbili.

Nimetoka shuleni sasa hivi. Ameandika yote kwenye daftari la Jiografia. Anasema ataomba Bodi ya Mikopo na China kwa pamoja, lakini kwanza jina. Mkuu wa shule amempa ruhusa Jumatatu, baba yake anakuja na basi la asubuhi, nami nimeomba ruhusa kazini tuwe wote kwa wakili. Kuna mtu anajua gharama yake kwa hapa mjini? Baba yake ameniuliza auze mbuzi wangapi.