Naombeni ushauri: kisima chini ya mgodi wa zamani wa Macalder

MwanaNyatike: Wandugu, salamu. Niko Kisumu kikazi, nyumbani ni Nyatike. Shamba la marehemu baba liko chini kidogo ya kilima cha mgodi wa zamani. Mvua ikinyesha, maji ya rangi ya kutu hushuka hadi uani. Nataka kuchimba kisima ili mke wangu asihangaike, na fundi anasema futi 60 zinatosha. Je, nikiyachemsha hayo maji yatakuwa salama? Wiki nzima sijapata usingizi.

FundiWaVisima: Futi 60 huko? Nina mashaka. Awendo tulifika 90 ndipo ndoo ikarudi na maji. Usilipe kabla hujaona tope bichi.

MamaShinyalu: Umenikumbusha babu yangu, aliyefanya kazi mgodi wa dhahabu wa Rosterman, Kakamega, hadi ulipofungwa 1952. Sheria ya ardhi ya wakoloni ya 1930 iliahidi kwamba ardhi yetu ni yetu daima, na ikichukuliwa tutapewa nyingine. Dhahabu ikaonekana, na 1932 sheria ikarekebishwa ili ardhi ichukuliwe bila sisi kupewa nyingine. Wenye mgodi walikwenda zao, mashimo tukaachiwa. Ndama wetu alitumbukia kwenye moja, tukamsikia akilia usiku kucha na hatukuwa na kamba ya kufika. Chimba mbali na kilima, mwanangu.

NesiAhero: Kuchemsha huua viini tu, metali haziondoki. Maji yakipungua kwenye sufuria, zilizobaki zinazidi ukali. Macalder ilitoa shaba na dhahabu, ikafungwa miaka ya 1960. Mawe yale yana salfaidi, yakipata hewa na maji hutengeneza asidi inayoyeyusha metali. Hiyo kutu unayoiona inatoka huko. Pima maji maabara kwanza. Ila ndugu, kisima ambacho hakijachimbwa hakimnyimi mtu usingizi wiki nzima. Kuna nini?

MwanaNyatike: Hakuna. Ni maji tu.

NesiAhero: Nani anaishi hapo sasa?

MwanaNyatike: Mke wangu na mdogo wangu. Mdogo wangu na wenzake huchota mchanga wa lundo la zamani la mgodi, wanausaga kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, wanauosha kwenye karai na kukamata dhahabu kwa zebaki. Mchanganyiko huo wa dhahabu na zebaki wanauchomea jikoni usiku ili zebaki itoke, majirani wasione. Ni kidonge kidogo kama punje ya mahindi, na dirisha huwa wazi. Mke wangu ana mimba ya miezi 5. Karasha nimeshalipia miezi 3, pesa hazirudi, na karo ya mdogo wangu inatoka humo humo. Kwa hiyo tuongee maji tafadhali.

MzeeWaKanisa: Tamaa ya mali imewaua wengi. Mtafuteni Mungu kwanza, kijana wangu.

KijanaKondele: Mzee, karo haitoki mbinguni. Omera, ukipata kilo nzima utukumbuke na sisi wa Kondele.

Mpelelezi254: Mimi siamini. Mtu wa Kisumu anayejua ukubwa wa kidonge? Leo kisima, kesho mimba, kesho kutwa namba ya kuchangia. Stori ya kutungwa hii.

MwanaNyatike: Sijaomba hata shilingi. Jumamosi nilikuwa jikoni pale. Zebaki ilimwagikia sufuria yetu ya alumini. Asubuhi nikakuta imeota kama nywele nyeupe, ukizigusa zinakuwa jivu, na chini yake pana shimo. Mke wangu akaipangusa kwa leso yake, akapikia uji. Tangu siku hiyo sijalala.

MwalimuKemia: Mpelelezi, mwache. Zebaki ikipenya alumini huizuia kujikinga na hewa, na huota hivyo hivyo, nyeupe kama pamba. Nimeiona maabara. Anasema alichokiona.

Mpelelezi254: Nimekosa. Pole, ndugu.

NesiAhero: Sasa nisikilize. Moshi wa kidonge kile huuoni na hauna harufu. Shemeji akiuvuta, unapita kwenye damu hadi kwa mtoto, na ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Dirisha halitoshi. Leo hii atoke humo. Sufuria na leso zisitumike tena. Aende kliniki, aseme wazi kwamba amevuta moshi wa zebaki, aombe kipimo cha mkojo. Mdogo wako naye apimwe.

MwanaNyatike: Na karasha?

NesiAhero: Kwanza mke.

MwanaNyatike: Nimempigia. Amelia, amesema kichwa kinamuuma siku nyingi na hakutaka kunisumbua. Jirani wa pikipiki anampeleka kwa mama yake sasa hivi. Mdogo wangu amekasirika, anasema nimemharibia. Chupa ya zebaki ameiacha mlangoni. Niimwage chooni?

MwalimuKemia: Hapana, itaingia ardhini mnapotaka kuchimba kisima. Funga kifuniko vizuri, iweke nje kivulini mbali na watoto na kuku, kisha uulize ofisi ya mazingira ya kaunti waipokee vipi. Mtu asifagie jikoni, ufagio unaitawanya.

MwanaNyatike: Ameshafagia.