Mjadala: Mwanafunzi aliyefeli azuiwe kuchezea timu ya shule?

Wazee wangu na ndugu zangu wa Mombasa, hamjambo nyote.

Suala hili limezuka tena kwenye mkutano wa wazazi wa shule moja hapa mjini. Pendekezo ni kwamba mwanafunzi ambaye wastani wake uko chini ya D+ asivae jezi ya shule mpaka alama zipande. Wazazi wengi walipiga makofi. Mimi nafundisha hesabu na huwa nasindikiza timu ya soka kwenye mechi za kaunti ndogo, kwa hivyo darasani nipo na uwanjani nipo. Kanuni hiyo naipinga, na ningependa tujadiliane.

Wanaoiunga mkono wana hoja nzito, tusiwapuuze. Baba mmoja alisimama akauliza: goti la mwanangu likivunjika akiwa na miaka 18, atabaki na nini mkononi? Swali hilo ni la haki kabisa. Bila C+ kwenye KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza kidato cha nne, huingii digrii moja kwa moja, na ukikosa C- hata diploma inakuwa shida. Mishahara ya wachezaji kucheleweshwa kwenye ligi yetu nayo ni habari tuliyoizoea. Mzazi anayeogopa hivyo hachukii mpira, anampenda mtoto wake.

Lakini itazameni kalenda. Soka, netiboli na voliboli huchezwa muhula wa pili. Timu ikishinda kaunti ndogo inakwenda kaunti, ikitoka hapo inakutana na Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta kutafuta bingwa wa Pwani, kisha taifa, kisha Afrika Mashariki. Kila ngazi ina mazoezi yake, kambi yake na safari yake. Niliwahi kulifungua daftari la kemia la kiungo wetu mmoja. Hadi mwanzoni mwa Mei, mwandiko ni safi, kila hesabu ya moli imepigiwa mstari kwa rula. Baada ya hapo kurasa ni tupu, halafu mwezi wa Julai mada nyingine kabisa inaanzia katikati, kana kwamba iliyotangulia haikuwahi kufundishwa. Nani alimtoa darasani? Sisi walimu, kwa barua yenye muhuri wa shule. Na ripoti ya muhula ilipotoka, mbele ya kemia pameandikwa E na maneno "aongeze bidii". Hapo ndipo panaponiuma. Tunataka kumwadhibu mtoto kwa deni ambalo shule ndiyo iliyolikopa.

Kuna na hili la kuchukuana wachezaji, ambalo kila anayefuata michezo ya shule analijua. Kijana anaonekana kwenye uwanja wa kijijini, anaahidiwa karo, kitanda na viatu, anahamishwa. Wasimamizi wa mashindano hukagua umri, usajili na uhamisho ili kuwatoa mamluki, yaani wachezaji wasiostahili kuichezea shule, na wanafanya vyema. Ila sijaona meza ya ukaguzi ikiuliza kama kijana huyu, tangu aletwe, amefundishwa. Akimaliza kidato cha nne na D-, shule ina kombe kabatini na yeye amerudi kwao.

Wenzetu wa Texas, Marekani, walitangulia kwenye njia hii. Mwaka 1984, wakati wa gavana Mark White, na baada ya kamati iliyoongozwa na tajiri Ross Perot, walipitisha sheria kwamba anayepata chini ya 70 katika somo hata moja hachezi kwa wiki sita. Palikuwa na vurumai, wazazi wakaenda mahakamani, na mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamua kuwa kushiriki michezo ya shule si haki ya msingi. Sheria ikabaki. Lakini mwaka 1995 adhabu ilishushwa hadi wiki tatu. Sheria yao sasa inamruhusu aliyesimamishwa kufanya mazoezi na wenzake, asicheze mashindano tu, na masomo ya kiwango cha juu yanaweza kuachwa nje ya hesabu, mtoto asije akakimbia somo gumu ili aokoe namba yake kwenye timu. Nawaomba wanaotaka D+ yetu waliangalie hilo. Waliokuwa wakali kabla yetu walilazimika kulegeza, na pendekezo letu halina hata mlango mmoja kati ya hiyo. Kwetu, anayechukua fizikia na mwenzake aliyeikwepa wanapimwa kwa wastani uleule.

Na haki baina ya shule? Tuseme kanuni hii imekuwa ya kaunti nzima. Shule ya bweni iliyochagua wanafunzi wenye alama za juu itapoteza wachezaji wawili. Shule ya kutwa ya Jomvu au Kisauni, ambako wastani wa darasa zima ni D, inaweza kukosa kikosi. Wachezaji wake wanaamka gizani, wengine wanavuka feri ya Likoni asubuhi na jioni, na usiku chumba ni kimoja, watoto ni wengi. Hiyo D+ inawapima wao, nyumba zao na mabenchi ya shule yao kwa pamoja. Mnaosema kanuni moja kwa wote ndiyo haki, hapa mnajibu nini?

Maalim mmoja ninayemheshimu sana aliniambia, "Mshika mawili moja humponyoka." Sawa, maalim. Lakini mfumo mpya wa elimu umeweka Sanaa na Sayansi ya Michezo kuwa mojawapo ya njia tatu za sekondari ya juu, kwa hivyo kwa mtoto wa njia hiyo uwanja ni sehemu ya darasa lake. Na wapo wasichana ambao timu ya netiboli ndiyo inayowafanya waje shuleni siku ya Jumatatu. Ukimtoa timuni, usishangae akikosekana na darasani.

Mimi nataka masharti yawepo, tena makali, ila yapime kilicho mikononi mwa mtoto: kuhudhuria, kufanya kazi aliyopewa, adabu. Asiyetimiza akae nje mechi mbili, lakini mazoezini aje. Na upande wa pili, kipindi kilichokosekana kwa sababu ya mechi kifundishwe upya wiki ileile, mwalimu wa somo na mwalimu wa michezo watie sahihi. Shule isiyoonyesha sahihi hizo ndiyo ifungiwe mashindano. Najua mtasema mtoto ataumia vilevile shule ikifungiwa. Kweli, ataumia, na hapo sijapata jibu linaloniridhisha. Nitashukuru mwenye wazo bora alitoe.

Wanaoshikilia D+ nao nina swali kwao. Kijana ametolewa timuni Jumatatu. Saa kumi jioni wenzake wako uwanjani. Ni mwalimu gani, kwenye chumba gani, atakuwa amekaa naye akimrudishia ile kemia ya Mei? Mkinitajia mpango huo, na nani atamlipa mwalimu huyo, nitasikiliza upya.