Glavu aina moja: mmoja anatoka mabaka papo hapo, mwingine kesho kutwa. Kwa nini?

Zamu_ya_Usiku:
Wakuu, naomba ufafanuzi. Wafanyakazi wawili wanavaa glavu za mpira za aina moja. Mmoja ndani ya dakika 15 anatoka mabaka yaliyoinuka, yanawasha, na jioni yameisha. Mwingine siku hiyo yuko salama, ila kesho kutwa mgongo wa mkono una vipele vya majimaji na ngozi inapasuka, wiki nzima. Setirizini, dawa ya aleji, ilimtuliza wa kwanza. Kwa wa pili haikufua dafu. Ndani ya ngozi kinatokea nini? Na glavu za naitrili (mpira bandia) zitawafaa wote?

Keratini:
Mkuu, glavu ni aina moja ila vichochezi ni viwili.

Wa kwanza anadhuriwa na protini za utomvu wa mpira. Mwili wake tayari una kingamwili za IgE (zile za aleji), zimeshikilia seli za masti, seli za kinga zilizo kandokando ya mishipa midogo ya damu. Protini ikiunganisha IgE zilizo jirani, seli humwaga histamini, kemikali ya muwasho na uvimbe, iliyokuwa akiba kwenye vifuko vyake. Hakuna cha kusubiri kitengenezwe, ndiyo maana ni dakika tu. Mishipa hutanuka, majimaji ya damu huvuja: hilo ndilo baka. Yakifyonzwa, linapotea bila gamba.

Wa pili, mshukiwa ni kemikali za kuharakisha ukomaaji wa mpira kiwandani, hasa thiuramu na kabameti. Molekuli zake ni ndogo, hupenya ngozi na kujibandika kwenye protini za mwili, zikaonekana ngeni. Seli za Langerhans, walinzi wa ngozi, huzipeleka kwenye tezi za limfu, ambako seli T (askari wa kinga) huzitambua na kuongezeka. Awamu hiyo huchukua siku 10 hadi 14, na kwa kawaida ngozi haionyeshi kitu. Mguso unaofuata, seli T huitwa kwenye ngozi, hutoa saitokini (kemikali za kuchochea uvimbe) na kushambulia keratinositi, yaani seli za tabaka la juu la ngozi. Kazi hiyo ni ya saa 24 hadi 72. Seli za ngozi huachana, maji hujaa katikati, vinatoka vile vipele. Histamini si mhusika mkuu hapo, ndiyo sababu setirizini, inayozuia histamini, imegonga mwamba.

Tabaka_la_Juu:
Tusimhukumu wa pili haraka. Kunawa mara kwa mara kwa sabuni ya pH 9 au 10, wakati ngozi inataka karibu 5, huondoa mafuta yanayoziba nyufa. Keratinositi zilizojeruhiwa humwaga IL-1, saitokini mojawapo, zenyewe, na ngozi inavimba bila aleji yoyote. Hali hii mara nyingi huanzia katikati ya vidole na chini ya pete. Ya glavu hushika mgongo wa mkono na kukatika kwenye kifundo. Hiyo ni dalili tu. Uthibitisho ni kipimo cha kubandika mgongoni: vibandiko vyenye kemikali zinazoshukiwa hutolewa saa 48, kisha ngozi husomwa tena karibu saa 96. Ukisoma mara moja tu utakosa aleji zinazochelewa, na utahesabu muwasho wa kemikali ambao ungefifia wenyewe.

Zamu_ya_Usiku:
Na naitrili?

Keratini:
Wa kwanza, ndiyo, na asijipime kwa kuvaa tena za mpira. Akibanwa kifua au kuvimba midomo, ni adrenalini kwenye msuli wa paja na hospitali mara moja.

Wa pili, si lazima. Naitrili nyingi zina kemikali zilezile. Atafute zilizotengenezwa bila viharakishi. Krimu ya steroidi (ya kutuliza uvimbe): gramu 0.5, yaani mstari wa pingili ya mwisho ya kidole cha shahada, inatosha mkono mmoja, kuanzia kifundo hadi vidole, mbele na nyuma. Wengi huacha muwasho ukiisha tu, kumbe seli T bado zimo, na ugonjwa unarudi palepale.

Tabaka_la_Juu:
Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu. Uvimbe huonekana wa zambarau au kijivu, kwa hiyo papasa: joto na ugumu ndivyo vya kufuata. Doa jeusi tambarare linalobaki baadaye ni melanini, rangi ya asili ya ngozi. Kuendelea kulipaka steroidi kali kutakondesha ngozi bure.