Milango ya mninga: tundu la kitasa nitoboe na holsoo, keke au ruta?

Anayeanza_Moro
Wakuu habari za jioni. Nina milango 10 ya mninga, unene 40 mm, nafunga kwenye nyumba ya kaka yangu huku Morogoro, vitasa kanunua vile vya kushika vya mviringo, karatasi iliyomo kwenye boksi inasema usoni tundu la 54 mm na ubavuni la 25 mm la kupitisha ulimi. Mimi useremala ndo naanza, nina drili ya waya ya chaki (kile kinachobana biti) ya 13 mm na patasi mbili basi. Mlango wa kwanza nimeazima holsoo (biti ya kikombe chenye meno) ya jirani nikatoboa upande mmoja mpaka ikatokea wa pili, moshi ulitoka kama natengeneza mkaa na kule ilikotokea mbao imebanduka vibaya. Sasa imebaki 9 na kaka huo wa kwanza hajauona bado. Hela yangu inatosha kitu kimoja cha maana, ninunue nini? Holsoo mpya, ruta, jigso (msumeno mdogo wa umeme), au nichonge tu na patasi?

Kijana_wa_Keko
Pole mkuu, hiyo wote tumepitia. Kwa vitasa vya hivyo usihangaike, chukua holsoo, ile biti ya kikombe, lakini moja tu ya 54 nzuri yenye meno ya baimeto (chuma cha aina mbili kilichounganishwa), achana na yale maseti ya vikombe kumi kwenye boksi la plastiki. Yale kwa paini na plaiwudi sawa, kwa mninga mlango wa pili meno yashalala na hapo inakuwa inasugua, haikati. Halafu uliambiwa na nani utoboe upande mmoja? Toboa mpaka uone ncha ya biti ya katikati imechungulia upande wa pili, SIMAMA, geuza mlango, weka ncha kwenye kile kitundu umalizie kutokea huko. Haibanduki hata kidogo. Na vikombe vingi havina kina cha kumaliza 40 mm kwa hiyo kugeuza ni lazima upende usipende.

NairobiMbaoMbao
Mimi ningesema ruta. Sio ya wifi, msianze 😂 ruta ya mbao, mashine ya kuchimbia mifereji na kuchonga kingo. Unakata template (kiolezo) ya plaiwudi mara moja, unabana na klampu, kila mlango unatoka sawa sawa na mwenzake. Ukingo unakuwa smooth.

Kijana_wa_Keko
@NairobiMbaoMbao kaka mtu ana milango 9 na drili ya waya, unamwambia anunue ruta, na biti ya ruta, na atengeneze template, na hiyo template tundu lake atalitoboa na nini kama sio holsoo?? Ruta naikubali kwenye kuchimbia bawaba na kile kibati cha ulimi, ila tundu la duara la kupenya 40 mm utaenda tabaka kwa tabaka mpaka jua lizame.

NairobiMbaoMbao
Haya hapo kwa template umenipata lol. Lakini jigso asiguse, hiyo tunakubaliana. Kwa mbao ngumu ya unene huo blade inapinda huko ndani, juu unaona duara safi chini limekuwa yai.

MzeeWaTezo
Vijana, mnasahau keke. Sisemi ile ya uta wanayotobolea majahazi kule Matondoni Lamu, ingawa ile nayo msiidharau, msumari wa jahazi hauingii bila kutanguliwa na tundu, ubao mgumu ukipigwa msumari mkavu unapasuka. Nasema keke ya mkono, yenye mpini unazungusha kama mtu anayekoroga uji. Biti yake ina kiparafujo mbele, kinaivuta yenyewe ndani ya mbao, wewe unazungusha tu na kifua umeegemeza juu. Tundu la 25 mm la ubavuni hakuna kitu kitakupa lililonyooka kuliko keke kwa sababu inakwenda polepole, ukiona unapinda unarekebisha kabla hujaharibu. Na umeme ukikatika wewe unaendelea na kazi wenzako wanakunywa chai. Ila la 54 sikudanganyi, ziko biti za keke za kutanua lakini kwa mninga utatoka jasho la mwaka mzima.

Anayeanza_Moro
Shikamoo mzee. Hiyo biti ya keke naweza kuifunga kwenye drili yangu?

MzeeWaTezo
Marahaba. Hapana mwanangu, mkia wake ni wa pembe nne na unachongoka, chaki ya drili haiushiki. Na hata ungeshika, kile kiparafujo kikivuta kwa kasi ya mashine kitakuzungusha wewe.

DadaMakabati
Ngojeni, kuna kitu mnakipita. Moshi wake siyo holsoo mbovu peke yake, ni SPIDI. Kikombe cha 54 ukingo wake unakimbia mbali sana kuliko biti nyembamba, ukibonyeza drili mpaka mwisho meno yanachoma. Kama drili yako ina gia weka namba moja, kama haina bonyeza kitufe kidogo kidogo, na zima ile ya kugonga nyundo, hiyo ni ya zege. Pia unga wa mbao hauna pa kutokea, unajaa kwenye mfereji na kuungua, kwa hiyo chomoa kila baada ya muda mfupi uufute. Mimi nafanya hivi: naanza na holsoo nichore duara tu, nachomoa, natoboa matundu mawili ya biti ya 8 juu ya ule mchoro kwa upande wa NDANI, yapenye kabisa, halafu narudi na holsoo. Unga unadondokea humo, moshi bai bai.

Na kama baadae utafanya makabati usije ukadhani holsoo inafaa kwa zile bawaba za kikombe cha 35 mm. Pale tundu halipenyi, linaenda kama 12 mm tu kwenye ubao wa 18, unahitaji biti ya Forstner inayoacha chini tambarare. Biti ya bapa nayo usijaribu, ile ncha yake ndefu itatokea usoni kwa mteja. Niliwahi kufanya hivyo kwenye mlango wa jikoni wa mteja mmoja, MDF nyeupe, kitundu kidoogo katikati kama jicho, nikalipia ubao mpya.

Kijana_wa_Keko
Hapo kwa matundu ya 8 dada umeniongezea kitu. Naongeza na mimi: shika drili mikono miwili na ufunge ule mkono wa pembeni, kikombe kikinasa mkono ndo unazunguka. Mimi kifundo kiliuma wiki mbili.

Anayeanza_Moro
Na biti ya bapa ya 25 kwa ubavuni vipi? Bei yake ni ya soda mbili tatu.

DadaMakabati
Kwa ubavuni inatosha kabisa, maana inatokea ndani ya lile tundu kubwa, hata ikibanduka kidogo nani ataona. Toboa la usoni KWANZA. Mwambie mtu asimame pembeni akwambie kama drili imelala au imenyooka. Na vaa barakoa, mbao zetu hizi, mvule ndo kabisa, vumbi lake linawasha kifua.

Anayeanza_Moro (baada ya siku nane)
Wakuu nimerudi. Nilinunua holsoo moja ya baimeto na biti ya bapa ya 25, chenji ikabaki. Milango yote 9 imeisha, wa kwanza wao nilitumia karibu dakika 40 kwa uoga, wa mwisho haukufika 10. Ule niliouharibu kile kisahani cha kitasa kimefunika sehemu kubwa ya mabanduko, palipobaki nimeziba kwa unga wa mninga na gundi, kaka kapita kaufungua kaufunga hajasema kitu. Ila ile holsoo ya jirani bado ina kipande cha mbao kimenasa ndani naona aibu kuirudisha hivyo.

MzeeWaTezo
Pigilia skrubu ndefu mbili kwenye hicho kipande, uzikaze kwa bisibisi. Zikifika chini ya kikombe zitakisukuma chenyewe kitoke.

Anayeanza_Moro
Kimetoka mzee! Cheusi kama andazi lililosahaulika.

NairobiMbaoMbao
Na vile vipande 9 vizuri umevitupa?

Anayeanza_Moro
Nani, watoto wa kaka wameviwahi. Vina tundu katikati tayari, magari mawili na tairi moja la spea.