Ushauri: kukarabati nyumba ya zamani ya mafungo huku Machame bila kuiharibu

Weruweru:
Bwana Yesu asifiwe wakuu. Nipo kwenye kamati ya ukarabati wa nyumba ya mafungo ya usharika wetu, huku juu Machame. Ni nyumba ya enzi za wamisionari wa Leipzig, wale waliofika huku mwaka 1893. Kuta ni za mawe, unene kama futi mbili, dari ya mbao, na kibaraza kinatazama Kibo. Vikundi vya maombi na wachungaji wanaipenda, ila wengi wakija mara moja hawarudi. Vyumba vinanuka unyevu, choo kipo nje, maji ya moto hakuna, na baridi ya Julai mnaijua.

Kinachoniumiza zaidi ni ukuta wa upande wa mlimani. Ulishapigwa lipu ya saruji. Sasa kuanzia chini hadi usawa wa goti rangi imevimba kama malengelenge. Ukiigusa inadondoka, na nyuma yake kuna unga mweupe wa chumvi. Fundi anataka tupige saruji nzito zaidi, vigae hadi kifuani, dari ya jipsamu na madirisha ya alumini. Wajumbe wengi wameshakubali. Moyo wangu unakataa, lakini hoja ya kifundi sina. Kikao ni Jumamosi.

FundiMawe:
Mkuu, zuia hiyo saruji. Kuta za zamani zilijengwa kwa udongo au chokaa. Zinavuta unyevu kutoka chini na kuutoa kwa hewa. Ukiziba kwa saruji, maji yanakosa pa kutokea, yanapanda juu zaidi yakibeba chumvi. Vigae ni yaleyale. Niambie: gata zipo? Udongo wa nje uko juu ya sakafu ya ndani?

Weruweru:
Upande huo gata zilishaanguka. Na kuna bustani ya maua hadi ukutani, udongo umepanda karibu futi moja juu ya sakafu. Mfongo nao, yaani mfereji wa maji ya kumwagilia, unapita hapo juu kidogo.

FundiMawe:
Basi chanzo umeshakiona. Hamisheni maua, shusheni udongo uwe chini ya sakafu, chimbeni mtaro wa kokoto wenye mteremko, na gata zirudi kabla ya masika ya Machi. Lipu ya saruji ifumuliwe taratibu kwa patasi, kisha ukuta uachwe ukauke vizuri kabla ya kupigwa kitu kingine. Halafu lipu ya chokaa: chokaa moja, mchanga wa mtoni tatu, tabaka nyembamba, mfunike kwa magunia mabichi isikaushwe na jua. Chokaa inaunguza, vijana wavae glavu na miwani. Juu yake rangi ya chokaa, ya mafuta hapana.

Moshi_Mjini:
Fundi wa chokaa mtamtoa wapi siku hizi? Vigae mnamaliza haraka, mnaanza kuingiza hela.

FundiMawe:
Saruji walishapiga, matokeo ndiyo hayo. Waanze na kipande cha mita moja, kamati ijionee. Na dari ya mbao msiibomoe kabla ya kudunga kenchi (mbao zinazobeba paa) kwa bisibisi kutafuta mchwa. Nyaya za umeme za zamani juu ya mbao kavu ni hatari, hizo zing'olewe zote.

MamaKibosho:
Wanangu, niwasemee wageni, maana nimesimamia hosteli miaka mingi. Mzee hawezi kutoka usiku na tochi kwenye utelezi kutafuta choo. Lakini msipasue mawe kupitisha mabomba. Jengeni vyoo na mabafu kwa nyuma, viungane na nyumba kwa njia yenye paa. Kama kuna stoo ya chini, igeuzeni chumba chenye choo ndani kwa ajili ya wazee. Hita ya jua ikae juu ya paa jipya, kenchi za zamani zisibebeshwe tangi. Na nunueni magodoro mazuri na mablanketi mazito! Mtu wa mafungo hafuati jipsamu. Anafuata ukimya, usingizi na chai ya moto.

Weruweru:
Shikamoo mama, asante sana. Stoo ipo, na ina mlango wake. Jumamosi nitaomba tuanze na gata, udongo na kipande cha majaribio. FundiMawe, milango ina bawaba za kufuliwa kwa mkono, zimeota kutu. Tunabadilisha?

FundiMawe:
Usithubutu. Brashi ya waya na mafuta ya taa, futa zikauke, kisha grisi kidogo kwenye pini. Piga picha kila mlango na uuwekee namba kabla haujang'olewa.