Kipimo cha damu cha Alzheimer: p-tau217 inatueleza nini hasa?

Kitindamimba:
Wakuu, naomba kueleweshwa. Mama yangu ana miaka 71. Anauliza jambo lilelile, anajibiwa, baada ya muda mfupi anauliza tena kama vile hajawahi kuuliza. Juzi kidogo anywe dawa ya presha mara mbili, nikamuwahi. Daktari wa neva amependekeza kipimo cha damu cha p-tau217 kabla ya kufikiria kutoa maji ya uti wa mgongo.

Nimejaribu kusoma mwenyewe, nimekutana na utitiri wa majina: Aβ42, Aβ40, p-tau181, GFAP, NfL. Kila makala inasifia protini yake. Kwa nini hii ya 217 ndiyo inatajwa na kila mtu siku hizi? Ikija imepanda, ina maana mama ana Alzheimer, basi? Na mimi mwenye miaka 44, sina dalili yoyote, nikapime? Niongeze kwamba mama ana kisukari cha muda mrefu na figo zake zimeanza kuchoka. Sijui kama hilo linahusika.

Mrija_Zambarau:
Pole sana na kuuguza, ndugu yangu. Mimi ni mtu wa maabara, protini hizi ndizo ninazozipima. Nitajibu upande wangu, matibabu nawaachia madaktari wa humu.

Mwaka 1906 Alois Alzheimer alieleza alichokiona kwenye ubongo wa mgonjwa wake, Auguste Deter: mabaka nje ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Baadaye ikajulikana kwamba mabaka ni protini ya amiloidi-beta (ndiyo hiyo Aβ) na nyuzi ni protini ya tau. Vipimo karibu vyote unavyovisoma vinatafuta dalili za vitu hivyo viwili kwa mtu aliye hai.

Maji ya uti wa mgongo yamefanya kazi hiyo tangu miaka ya 1990. Humo Aβ42 hushuka, kwa sababu inanaswa kwenye mabaka, na tau hupanda. Skani ya PET ya amiloidi ikafuata, matokeo ya kwanza kwa binadamu yakachapishwa 2004. Damu ndiyo iliyotutesa. Protini ya ubongo inayofika kwenye mshipa wa mkono ni kidogo mno: p-tau217 mara nyingi haifikii hata pikogramu moja kwenye mililita ya plazma (majimaji ya damu yakishatenganishwa na seli), na pikogramu ni gramu iliyogawanywa mara trilioni. Tulihitaji mashine zinazoweza kuhesabu molekuli mojamoja, pamoja na spektrometa za masi (mashine zinazotambua molekuli kwa uzito wake) zilizoboreshwa, ndipo tukaanza kuona kitu.

Walianza na uwiano wa Aβ42 kwa Aβ40, na ulifanya kazi. Shida ni kwamba amiloidi-beta haitoki kwenye ubongo peke yake, viungo vingine navyo vinaitengeneza na kuimwaga kwenye damu. Kwa hiyo tofauti kati ya mwenye mabaka na asiye nayo kwenye plazma ni ndogo, kama asilimia 10 hivi. Sasa njoo maabara uone maana ya asilimia 10. Damu inachukuliwa kwenye mrija wa kifuniko cha zambarau, wenye EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande. Inatakiwa izungushwe mapema kwenye mashine ili seli zitengane na plazma, plazma ivutwe taratibu bila kugusa tabaka la seli lililo chini yake, igawanywe kwenye vichupa vidogo, kisha igandishwe kwa nyuzi 80 chini ya sifuri. Mrija ukisahaulika mezani kwa saa kadhaa, Aβ inashuka yenyewe. Mgonjwa hajabadilika, mrija ndio umebadilika, na asilimia 10 yako imeshamezwa. Hili linaniuma, kwa sababu kwenye karatasi ya majibu halionekani. Daktari anaona namba tu.

p-tau217 inavumilia zaidi, na tofauti yake ni kubwa: mwenye ugonjwa anaweza kuwa na kiwango mara kadhaa ya asiye nao. Mwaka 2020 Palmqvist na wenzake walichapisha utafiti wa watu 1,402, wakiwemo watu wa ukoo wa Kolombia wenye badiliko la jeni ya PSEN1 linaloleta Alzheimer mapema. Kwa waliobeba badiliko hilo, p-tau217 ilianza kuachana na ya wenzao kwenye umri wa miaka 25 hivi, yaani kama miaka 20 kabla ya umri ambao kumbukumbu hutarajiwa kuanza kudorora. Tangu hapo macho ya watafiti yakahamia huko.

Lakini naomba ushike hili kuliko yote niliyoandika: p-tau217 ni tau kwa jina, ila habari inayoleta zaidi ni ya amiloidi. Namba 217 ni mahali kwenye mnyororo wa tau ambapo fosfeti imejishikiza, na seli za neva huitoa kwa wingi pale mabaka ya amiloidi yanapozizunguka. Ikipanda, inakuambia mabaka huenda yapo. Haikuambii kwamba kusahau kwa mama kunatokana na hayo mabaka. Nyuzi zenyewe zinatafutiwa kipimo kingine, MTBR-tau243, ambacho bado kiko zaidi mikononi mwa watafiti. GFAP inatoka kwenye astrosaiti, seli zinazozihudumia neva. NfL inaonyesha neva zinaumia, iwe ni Alzheimer au ugonjwa mwingine kabisa.

Dkt_Neva:
Mrija_Zambarau amenirahisishia kazi. Naongeza ya kliniki.

Figo zinahusika, tena sana. Figo zikichoka, p-tau hupanda kwenye damu hata kama ubongo hauna mabaka. Uzito mkubwa wa mwili huelekea kuishusha. Njia mojawapo ya kupunguza tatizo hili ni kupima uwiano badala ya kiwango kitupu, kwa mfano p-tau217 dhidi ya tau isiyo na fosfeti mahali hapo. Kipimo cha kwanza cha damu kuruhusiwa na FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, Mei 2025, nacho ni uwiano: p-tau217 kwa Aβ42, kwa jina la kibiashara Lumipulse. Kwenye sampuli 499, waliopata jibu la ndiyo asilimia 91.7 walikuwa na amiloidi kweli kwa PET au maji ya uti wa mgongo, na waliopata hapana asilimia 97.3 hawakuwa nayo. Chini ya asilimia 20 waliangukia katikati, si ndiyo si hapana. Hao wanahitaji kipimo cha pili.

Kimeruhusiwa kwa watu wenye dalili ambao tayari wanaonwa na wataalamu. Kwa hiyo wewe wa miaka 44 usiye na dalili, ushauri wangu ni usipime.

Shangazi_Mdadisi:
Daktari samahani, kujua mapema kuna ubaya gani? Mimi ningepima tu nijipange.

Dkt_Neva:
Si ubaya, dada. Ila watu wenye akili timamu wa miaka 70, kama robo yao wana amiloidi, na wengi wao wataishi hadi mwisho bila kupata shida ya akili. Ukiwa na jibu la ndiyo leo, sina dawa iliyothibitishwa ya kukupa ukiwa mzima. Lecanemab, iliyopata idhini kamili Marekani 2023, na donanemab ya 2024 ni za wenye dalili za mwanzo, na zinaweza kusababisha uvimbe au kuvuja damu kwenye ubongo. Majaribio kwa watu wasio na dalili yanaendelea. Mwenye hamu ya kujua ningemwelekeza huko, ambako atafuatiliwa.

Protini_Elfu:
Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, nachambua data za protini. Kitindamimba ameuliza kwa nini majina ni mengi: sasa hivi yanazidi kuongezeka. Mwaka 2024 kundi moja lilipitia protini 1,463 kwenye plazma ya zaidi ya watu 52,000 wa UK Biobank, hazina ya data za afya ya Uingereza, na GFAP ikawa kati ya zilizotangulia kuashiria shida ya akili miaka mingi kabla. Mwaka 2025 muungano wa kimataifa wa watafiti wa protini, GNPC, ukafungulia watafiti vipimo vya protini kama milioni 250. Mimi naona huko ndiko kwenye majibu ya baadaye, maana Alzheimer si amiloidi na tau tu. Kuna mishipa ya damu, kuna uvimbe-kinga, kuna mafuta.

Jingine lililonishangaza: watoto wachanga wana p-tau217 nyingi kuliko wagonjwa wa Alzheimer, kwa utafiti uliotoka Gothenburg 2025. Kumbe ubongo unaokua nao unaitumia.

Kitindamimba:
Nimewaelewa, asanteni sana. Sitapima mimi. Kwa mama, niulize nini kabla hajatolewa damu?

Mrija_Zambarau:
Uliza kama maabara inatoa kiwango kitupu au uwiano, na kama majibu yana eneo la katikati au wanakata ndiyo na hapana kwa mstari mmoja. Hakikisha kreatinini ya karibuni imeandikwa kwenye fomu, ili anayesoma majibu ajue hali ya figo. Uliza damu itazungushwa palepale au itasafirishwa kwanza.

Dkt_Neva:
Na kabla ya yote, kama hajapimwa vitamini B12 na homoni za tezi ya shingo, aanzie hapo. Peleka pia dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, hata za usingizi na za mzio alizonunua mwenyewe. Baadhi yake husahaulisha wazee, na hizo tunaweza kuziondoa.