Nimechoka ndani ya wokovu na naogopa kusema. Naombeni ushauri

Mama_Bahati (Nakuru): Bwana asifiwe wapendwa. Msinihukumu haraka.

Niliokoka nikiwa shule ya upili na sijawahi kurudi nyuma. Niko kwenye maombezi, Jumatano ni seli (kikundi cha ibada nyumbani), Ijumaa kesha, Jumamosi jioni nafagia kanisa, na mwezi ukianza tunaenda mlima Menengai kufunga kwenye yale mapango. Kazi yangu ni duka la dawa za mifugo. Asubuhi ya kesha nasimama kaunta macho mekundu, mteja anaitisha dawa ya kupe, mimi nampa ya minyoo.

Uchovu ningeuvumilia. Kinachonimaliza ni kwamba nikikosa mara moja tu, amani inaondoka. Juzi nililala, kesha ikanipita. Kesho yake mtoto akapata homa, na wazo la kwanza likawa: ni kwa sababu ya jana. Kiongozi wetu naye akasema mbele ya watu kuna "waliopoa". Mume wangu, ambaye kanisani anaenda Krismasi, ananiambia naomba kama mtu anayedaiwa na shailoki, mkopeshaji wa riba kali. Nilikasirika, lakini jibu la kumpa sina.

Nikiacha haya yote, nitabaki na nini mbele za Mungu?

Nesi_Kondele: Pole dada. Mtoto alipimwa malaria? Hilo kwanza. Mimi niko zamu za usiku hapa Kisumu, na hiyo hofu naiona wodini kila mara: mama anauliza alimkosea Mungu wapi. Wanafunzi waliuliza vivyo hivyo kuhusu aliyezaliwa kipofu, Yohana 9. Yesu akasema hakutenda dhambi yeye wala wazazi wake.

Askari_wa_Msalaba: Mnisamehe, siku hizi neema imekuwa kisingizio cha uvivu. Wafilipi 2:12, tuutimize wokovu wetu kwa kuogopa na kutetemeka. Shetani halali!

Mwalimu_Mstaafu (Kakamega): Ndugu Askari, mbona umefunga Biblia kabla ya mstari wa 13? "Kwa maana ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu." Paulo alifanya kazi kupita mitume wote, halafu akasema si yeye, ni neema.

Binti yangu, soma 1 Wafalme 19 polepole. Eliya amelala chini ya mti, anaomba kufa. Malaika hakumpangia mfungo. Alimgusa, akamwambia ale. Kulikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena, na hakuna aliyemkemea. Akaamshwa ale mara ya pili. Horebu, mlima alikosikia sauti ya Mungu, ilikuja baadaye.

Mama yangu alikuwa wa Tukutendereza, ule uamsho ulioanzia Rwanda miaka ya 1930. Wale wazee walikuwa wakali kwa dhambi, usicheze nao. Lakini wakisimama kushuhudia walitaja damu ya Yesu. Sikumbuki hata mmoja akisoma orodha ya makesha yake.

Askari_wa_Msalaba: Sijakataa mwalimu. Sasa akiacha maombi kabisa?

Mwalimu_Mstaafu: Nani amesema aache? Aombe. Asilipe tu. Deni lililipwa Kalvari, na hapo mume wake, Krismasi au siyo, ameona kitu.

Boda_Ahero: Zaburi 127:2, humpa mpenzi wake usingizi. Huo ndio mstari wangu wa Ijumaa 😂

Nesi_Kondele: Dada, usitoke kwa hasira wala usibishane na huyo kiongozi. Mwone mama mchungaji faraghani, omba kupumzika kesha kwa muda. Hiyo Ijumaa ulale, usijilazimishe kuomba saa nane usiku chumbani ili kufidia. Najua utajaribu.

Mama_Bahati: Nesi, umenijuaje? 🙈 Mtoto alipimwa, ilikuwa mafua. Nimemwandikia mama mchungaji, amesema nipitie Alhamisi. Naogopa bado, sitadanganya. Lakini Ijumaa hii siendi.

Boda_Ahero: Na kufagia?

Mama_Bahati: Ufagio siachi. Kanisa likiwa tupu, naimba vibaya na hakuna anayenisikia.